Silansie ya pikipiki: tusinunue makelele



Wengi wetu tunakwenda kazini kwa pikipiki. Siku silansie inapotoboka kwa kutu, fundi anatuuliza: tubadilishe silansie peke yake, ao bomba lote tangu kwenye mota mpaka nyuma? Ni ulizo jema, maana ni feza ya jamaa inayotoka.

Mawazo yangu ni haya. Kwa pikipiki ya 125 ya kwendea kazini, silansie peke yake inatosha, kama bomba la mbele lingali zima. Kazi ni ndogo, na mota haiguswi. Tubadilishe bomba lote tu kama kutu imelitoboa ao limepasuka, na jipya liwe la namna ile ile iliyotoka kiwandani.

Vijana wananiambia: bomba la wazi ni jepesi, tena linaongeza nguvu. Kwenye mashindano ni kweli. Lakini fundi wa mashindano anatengeneza na kabireta vilevile, ili petroli ipatane na hewa. Asipofanya hivyo, petroli inapunguka na mota inapata moto kupita kipimo. Kwa pikipiki ndogo, nguvu inayoongezeka ni kidogo sana. Kinachoongezeka kweli ni makelele.

Na makelele ndiyo adui yetu. Kipimo ambacho waganga wengi wa kazi wanafuata ni desibeli 85 kwa saa 8. Desibeli 3 zikiongezeka, saa zinakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Mtu anayeshinda penye mashine ya kuvunja mawe amekwisha kuyachokesha masikio yake. Yanapaswa kupumzika njiani na nyumbani. Sikio likifa kwa makelele, hakuna dawa ya kulifufua. Na siku moja hutasikia honi ya kamyo inayorudi nyuma.

Mimi mwenyewe nilifanya posta ya usiku. Mchana jirani mmoja alikuwa akipita na pikipiki yenye bomba wazi, nami nilishituka kitandani kila mara. Usiku nilifika kazini na macho mazito. Mtu wa namna hiyo ndiye anayesahau kukata umeme mbele ya kuingiza mkono ndani ya mashine. Jirani yangu hakunitakia mabaya, hakujua tu.

Nanyi mama zetu, msiache watoto wasogelee bomba wakati pikipiki imefika sasa hivi: linachoma nyama ya mguu mara moja. Wala pikipiki isiwashwe ndani ya nyumba, kwa kuwa moshi wake una gazi isiyo na harufu, nayo inaua.

Basi, ndugu, mbele ya kulipa, mwambie fundi awashe mota. Kama inawapasa kupaaza sauti ili msikilizane, mrudishie bomba lake.