Adesi si Choroko



Mwezi uliopita tuliwafasiria vijana wetu hapa Mwanza aya ya 61 ya Suratul Baqara, pale Bani Israili walipochoshwa na chakula cha namna moja, wakamtaka Nabii Musa (a.s.) awaombee mboga, matango, fumu, adesi na vitunguu. Tulipofika kwenye adesi, kijana mmoja akauliza, "Maalimu, ndiyo choroko?" Tukamjibu ndiyo, ili somo liende mbele. Usiku ule hatukulala vyema. Choroko tuilimayo Usukumani ni ya kijani na mviringo. Adesi ni bapa, nayo ina jina lake. Kumbadilishia mtoto neno la Qurani kwa kuona uvivu wa kueleza si jambo dogo.

Asubuhi tukanunua kibaba cha adesi dukani, tukazimwaga juu ya mkeka karibu na choroko, tukakiri kosa letu mbele ya darasa. Na fumu je? Hapo maulamaa wenyewe wamehitilafiana: wako wasemao ni thomu, na wako wasemao ni ngano. Tukawapa kauli zote mbili. Salwa tukawaambia ni ndege, mfano wa kware. Manna tumeiacha kwa jina lake, ingawa yule kijana ameshauliza kama huliwa kwa dagaa.