Kadi ya Fedha Inakula Fedha

Desemba ya mwaka juzi nilipanda ndege Dar es Salaam asubuhi, nikashuka Nairobi, nikanywa kahawa mbili, nikasoma nusu ya riwaya niliyokuwa nimeahidi kuihakiki hapa, kisha jioni nikapanda ndege nikarudi Dar. Sikuwa na mkutano. Sikuwa na mgonjwa wala mchumba. Nilikwenda kwa sababu mwaka ulikuwa unaisha na mimi nilikuwa nimebakiza ndege mbili tu ili shirika linipandishe kutoka mwanachama wa kawaida hadi mwenye kadi ya fedha. Kwenda moja, kurudi moja, hesabu imetimia. Tiketi ilinila laki sita na ushee, pesa ya makala tatu, tena za gazeti linalolipa kwa wakati.

Wiki moja baadaye nilikuwa Unguja kwa shangazi yangu. Yeye huenda Muscat mara mbili kwa mwaka, anakoishi binti yake, na huwa anarudi na mizigo ya nusu mtaa. Nikamwonyesha kadi kwenye simu.

"Ulikwenda Nairobi kufanya nini, mwanangu?"

"Kupanda ndege, shangazi."

"Kisha?"

"Nikarudi."

Akanyamaza kidogo. Akachukua simu, akaitazama ile kadi inayong'aa, akaniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mimi mwezi Januari kabla sijaanza kuhesabu: "Inakupa kilo ngapi?"

Haikuwa inanipa hata moja.

Najua hapa tumezoea kugombana juu ya tafsiri mbovu na tuzo za fasihi, si juu ya tiketi za ndege. Lakini wengi wetu tunaokutana hapa ni watu wa semina, warsha, tamasha la vitabu huku na kongamano kule, na nimeshasikia mara nyingi mno, kwenye meza za chai za hayo makongamano, ushauri uleule: "Jikaze ufike daraja la kati, maisha yatabadilika." Mimi nimejikaza. Nasema daraja la kati ni utapeli wa adabu, na mtu anayelipa nauli kutoka mfukoni mwake hana sababu ya kulikimbilia.

Tuanze na kinachotolewa. Star Alliance, muungano mkubwa wa mashirika ya ndege ulioanzishwa 1997, ambao Ethiopian ni mwanachama wake, una madaraja mawili ya hadhi: fedha na dhahabu. Mwenye dhahabu anapata vitu unavyoweza kuvishika: anaingia launji, anatangulia kwenye kaunta na kwenye kupanda, anaongezewa kilo 20 au begi moja zima. Mwenye fedha anaahidiwa mambo mawili. La kwanza, tiketi zikiwa zimejaa, jina lake linawekwa juu kwenye orodha ya wanaosubiri. La pili, akiwa uwanjani anasubiri kiti ambacho huenda kikaachwa wazi, anafikiriwa mapema. Basi. Shirika lililokupa kadi linaweza kukuongezea viwili vitatu ukiwa kwake, lakini ukivuka kwenda kwa wenzake, hiyo ndiyo hadhi yako: haki ya kusubiri mbele ya wengine wanaosubiri. Ningekuta hilo kwenye riwaya ya kejeli ningesema mwandishi amezidisha chumvi.

Nisiwe mwongo, ziko kadi za kati zenye kilo. Ya fedha ya Emirates humwongezea mtu kilo 12, na kilo 12 kwa mtu wa kwetu si kitu kidogo: ni mashine ya kusagia, ni vitabu ambavyo havifiki Dar, ni mikate ya ufuta ya kupelekewa mtoto aliyeko London. Lakini angalia bei yake. Unatakiwa ufikishe maili 25,000 za daraja, au ndege 25 kwa mwaka. Mtu wa Dar anayekwenda London kupitia Dubai anahesabu ndege nne kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Anahitaji safari saba. Mtu mwenye uwezo wa kwenda London mara saba kwa mwaka kwa pesa yake ana uwezo pia wa kulipia kilo 12 zake bila kumsujudia mtu.

Na launji, ambayo wenzangu huitaja kama pepo? Launji nyingi huuza kiingilio mlangoni, kama dola 40 hivi. Nimewahi kuingia. Kuna supu, kuna intaneti, kuna wanaume waliovua viatu. Ukiipenda, lipa siku unayoitaka. Kwa pesa ya safari yangu ya Nairobi ningeingia mara sita na chenji ya teksi ikabaki.

Jambo linaloniudhi zaidi si udogo wa zawadi, ni jinsi kipimo kinavyohamishwa ukiwa unakikaribia. American Airlines walianza mpango wao wa maili Mei 1981, miaka mitatu baada ya Marekani kulegeza sheria zilizokuwa zikibana nauli na njia za ndege. Wazo lilieleweka: ruka nasi mara nyingi, tutakukumbuka. Kilichopimwa kilikuwa umbali. Mwanafunzi aliyekaa siti ya mwisho karibu na choo alihesabiwa maili zake sawa na za mtu mwingine aliyelipa nauli kubwa zaidi. Ile haki ndogo ilikuwa na utamu wake.

Siku hizi kinachopimwa ni pesa. British Airways wametoa mfano mzuri kuliko wote. Zamani kadi yao ya fedha iliitaka alama 600 za daraja, zilizohesabiwa kwa safari na aina ya siti, na wajanja walijua njia za kuzikusanya kwa nauli nafuu. Tarehe 30 Desemba 2024, watu wakiwa bado na pilau la sikukuu, wakatangaza kwamba kuanzia Aprili 2025 pauni moja ni alama moja, na fedha ni alama 7,500. Wateja wakapiga kelele, kampuni ikalegeza kidogo, ikarudisha nafasi ya kuipata kwa idadi ya ndege: 50. Delta wa Marekani walifanya jambo la aina hiyohiyo Septemba 2023, kelele zikawa kubwa hadi mkurugenzi mkuu wao, Ed Bastian, akakiri hadharani kwamba huenda walikwenda mbali mno. Walirudi nyuma hatua moja. Pesa ikabaki ndiyo kipimo.

Kiswahili chetu kilikuwa kimeshaona mbali. Kadi ya fedha, kumbe, ni kadi ya fedha.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 2020, ndege zimeegeshwa kwa sababu ya korona, United walihitaji mkopo. Wangeweka nini rehani, ndege zisizoruka? Waliweka mpango wao wa maili. Waliuthamini kwa karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za kampuni yenyewe sokoni siku zile. Delta wakafanya vivyo hivyo mwaka huohuo wakapata dola bilioni 9. Mabenki hayakuwa yanakopesha juu ya mabawa wala injini. Yalikopesha juu ya tabia: juu ya imani kwamba mamilioni ya watu wataendelea kununua, kutelezesha kadi za benki na kuhesabu alama, hata mbingu zikiwa tupu. Yaani mimi na kahawa zangu mbili za Nairobi ni watu wa namna ile iliyowekwa rehani. Na mwenye kadi ya kati ndiye rehani bora kuliko wote. Tajiri wa juu kabisa atapanda ndege tu, awe na kadi asiwe nayo. Msafiri wa mara moja kwa mwaka hana habari. Wa kati yuko karibu kupanda na karibu kushuka kwa wakati mmoja, na kila Januari kidude kinarudi sifuri. Hofu yake haiishi. Ni kibarua anayejilipia nauli ya kwenda kazini.

Wamarekani wameshaiandika hali hii. Riwaya ya Walter Kirn, Up in the Air, ilitoka 2001, na mhusika wake Ryan Bingham anaishi hewani akizifukuza maili milioni moja. Filamu ya George Clooney ya 2009 iliilainisha, ikampa mtu yule mvuto na masikitiko mazuri ya kutazamwa. Kitabu ni kikavu zaidi, na kwa hilo nakipenda: mtu amehamia kabisa katika lugha ya kampuni, viwanja vya ndege ndivyo kijiji chake, na hajui tena kama yeye ndiye anayekusanya au ndiye anayekusanywa. Nilikisoma kabla ya kupata kadi nikacheka. Nilipokisoma tena baada ya Nairobi sikucheka sana.

Lakini Bingham ana kitu ambacho mimi sina, na hapa ndipo ushauri wa wenzangu wa mezani unaponichosha kabisa. Ana pasipoti ya Marekani. Kwake yeye uwanja wa ndege una foleni ya kaunta, ya ukaguzi na ya geti, na kadi inaweza kuzipunguza. Foleni yangu ndefu haipo uwanjani. Ipo kwenye ofisi ya kupeleka maombi ya viza, nikiwa na taarifa ya benki ya miezi kadhaa, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri (mimi ambaye sina mwajiri mmoja), na euro 90 za Schengen ambazo hawarudishi ukinyimwa. Hakuna kadi ya ndege iliyowahi kuivuka foleni ile. Siku moja, safarini kwenda kongamano Ulaya, niliitwa kwa heshima kupanda mapema pamoja na "wanachama wetu wenye hadhi", nikapita mbele za watu kifua mbele. Ndege ilipotua, kwenye korido tu kabla hata hatujafika uhamiaji, maofisa wawili walikuwa wamesimama wakichagua watu. Wazee wawili wenye kofia za kitalii walipita. Mimi nikasimamishwa, tiketi ya kurudi iko wapi, unalala wapi, nani analipa. Wale wote niliowatangulia kupanda wakanipita mmoja mmoja, na yule kijana wa siti 38 akaniangalia kwa huruma.

Siku ya Nairobi yenyewe, nilipotua Dar, kadi pekee ambayo mtu alitaka kuiona rangi yake ilikuwa ya manjano, ile ya chanjo.

Rafiki yangu mmoja mwandishi, msafiri kuliko mimi, anapinga. Anasema siku ndege ikifutwa ndipo utaijua kadi: wenye hadhi wanapangiwa ndege nyingine kwanza, na wengine wanalala sakafuni. Hoja hii naiheshimu, ndiyo pekee inayonikosesha raha. Ni kweli simu yao hupokelewa haraka. Lakini yeye analipiwa na shirika linalomwajiri, tena anaruka kila mwezi. Kadi ilimjia yenyewe, hajawahi kwenda mahali kwa ajili yake. Mtu wa namna hiyo aichukue, aitumie, asione aibu. Mimi nasema na aliyekaa Oktoba hii na kalamu, anahesabu amebakiza ngapi, anatafuta njia ya kwenda Kigali kupitia Addis badala ya moja kwa moja ili apate ndege nne badala ya mbili. Anayechagua tiketi ya bei juu ya shirika "lake" wakati la jirani lina nafuu ya laki mbili na linafika mapema. Laki mbili hizo ziandike mahali. Zijumlishe mwisho wa mwaka. Mimi nilijumlisha, na zile za Nairobi juu yake, nikapata kodi ya nyumba ya miezi minne.

Shangazi hana kadi yoyote. Ana mizani ya mkono ya kuning'iniza begi, aliyoinunua Mutrah, na kabla hajakata tiketi huuliza swali lake moja kwa kila shirika, kisha anachagua. Nilimsindikiza safari iliyopita. Kaunta ikasoma kilo 29.8 kwenye begi la kilo 30, akanigeukia akatabasamu kama mtu aliyemaliza beti.

Barua pepe imeingia wiki hii. Shirika linanikumbusha kwa jina langu la kwanza kwamba hadhi yangu inakwisha, na kwamba nimebakiza ndege sita tu kuilinda. Desemba hii nitakuwa kwenye boti ya saa moja asubuhi kwenda Unguja. Na hiyo nayo ina VIP, jamani. Nitakaa nje, kwenye upepo, nimalizie ile riwaya ambayo bado nawadai uhakiki wake.