Mizabibu ya Dodoma Haitaki Mgeni Mwenye Haraka

Tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ndani ya basi sasa huchukua saa tatu au nne tu. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, limezaa tabia moja ambayo ukurasa huu hauwezi kuinyamazia. Mfanyakazi hufika Dodoma asubuhi, hushughulikia lililompeleka ofisini, hununua boksi la zabibu njiani, na usiku yumo nyumbani kwake Temeke. Watoto wakimwuliza zabibu huota vipi, hana la kuwajibu.

Mwenye likizo ya siku tatu anaweza kufanya vizuri zaidi, ilimradi asijaribu kuuzunguka mkoa mzima. Achague upande mmoja. Kusini-magharibi mwa mji iko Bihawana, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu katikati ya karne ya 20. Kaskazini, kwenye barabara ya Arusha, iko Makutupora, yenye kituo cha utafiti wa zabibu. Ile zabibu nyekundu inayopandwa na wakulima wengi imechukua jina la mahali hapo. Upande wa kaskazini-mashariki iko Hombolo, yenye mashamba na bwawa lake. Kwa familia yenye watoto ningependelea Hombolo, kwani mtoto aliyechoka na mizabibu huweza kupelekwa kuwatazama ndege majini, mradi asiachwe peke yake.

Yafaa kwenda wakati wa mavuno, na mavuno ya Dodoma ni mawili kwa mwaka: takriban mwezi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Hapa ndipo penye elimu ambayo mpita njia huikosa. Katika nchi za baridi kama Italia na Ufaransa, mzabibu hupukutisha majani na kulala majira ya baridi, kisha huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza hivyo. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake: akishaupogoa, macho ya matawi huchipua, na baada ya miezi minne hivi vishada huwa tayari. Kwa kuwa wakulima hawapogoi siku moja, mtu atembeaye kwa miguu asubuhi moja aweza kuona shamba lililobaki vijiti vitupu, la jirani lenye punje za kijani chungu kama ndimu, na la tatu ambalo wavunaji wamekwisha kuingia. Maisha yote ya mzabibu yako mbele yake, na gharama yake ni jasho tu.

Msiingie shambani kimyakimya. Anzeni ofisi ya kijiji, mjieleze, mwombe kuelekezwa kwa mkulima aliye tayari kupokea wageni, na mpatane malipo yake mapema. Salamu ya Kigogo, mbukwenyi, hufungua mazungumzo upesi kuliko noti. Mkikubaliwa kusaidia kuvuna, kishada hukatwa kwenye kikonyo kwa mkasi, hakinyofolewi. Watoto wasile punje kabla hazijaoshwa, kwani mizabibu hupigwa dawa za kuzuia ubwiri.

Kisha ombeni kuona mchuzi wa zabibu unavyotengenezwa. Wenyeji huuita hivyo mvinyo ambao haujakamilika: zabibu zimepondwa, zimeachwa zichachuke, na mchuzi wake huhifadhiwa katika matangi ukingoja kiwanda. Wazazi watakaoonja waonje kidogo, tena baada ya chakula. Ugali wa uwele kwa mlenda ni matayarisho mazuri.

Mchuzi huo una habari nyingine isiyo ya kufurahisha sana. Zabibu iliyokwisha kukatwa haisubiri. Mkulima wa mahindi aweza kuyaweka ghalani akingoja bei ipande, lakini wa zabibu ana siku chache tu, na mnunuzi analijua hilo. Imetokea zaidi ya msimu mmoja viwanda kutokuwa na nafasi, na wakulima wakabaki na mavuno mikononi. Aliye na mahali pa kukamulia na matangi ya kuhifadhia hupata pumzi. Asiye nayo hupokea bei anayopewa. Kaeni na mkulima kivulini mumwulize mwaka huu kilo moja aliuza kwa kiasi gani, kisha mlinganishe na bei mliyolipa sokoni kwenu. Watoto wakubwa wafanye hesabu hiyo wenyewe.

Jioni, ikiwa kuna ngoma, msiharakishe kurudi mjini. Hii ndiyo nchi ya zeze na ilimba, iliyomlea marehemu Hukwe Zawose, na akina mama wa Kigogo hupiga ngoma ya muheme kwa namna ambayo redio haijawahi kuitendea haki.

Chukueni sweta, kwa kuwa upepo wa alfajiri ya Agosti ni mkali. Zabibu za kurudi nazo nunueni shambani kwa mwenyeji wenu asubuhi ya kuondoka, zikiwa kavu, bila kuoshwa, mzipange safu mbili tu ndani ya boksi pana. Ndani ya treni mlipakate boksi hilo, lisikae chini ya mizigo.