Betri Zilizokwisha Hazijazwi Nyumbani

Anayeanika mawe ya redio juu ya bati hafanyi upuuzi, anabana matumizi. Hata hivyo, mengi anayoambiwa kuhusu kuyachaji upya si kweli, na mengine ni hatari.

Husemwa kwamba jua huyajaza. Jua haliingizi umeme wowote ndani ya betri. Joto huchangamsha kemikali zilizobaki, na kule kupumzika huzipa nafasi ya kusambaa, ndiyo maana redio husikika tena kwa muda mfupi. Unachopata ni masalio. Kuuma betri nako hubana tu unga wa ndani, na betri ya alkali ikipasuka mdomoni, maji yake huunguza.

Husemwa pia kwamba betri ni betri: kama ya simu inachajiwa, hata ya tochi itakubali. Hapa ndipo penye kosa kubwa. Katika betri za bei nafuu, zinazotokana na ugunduzi wa Mfaransa Georges Leclanché wa mwaka 1866, kopo lenyewe ni la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kadiri tochi inavyowaka. Ukirudisha umeme kwa nguvu, zinki hairudi ilikotoka. Hujishika ovyo, pengine ikiota kama sindano na kutoboa kizuizi cha ndani hadi betri ikapiga shoti. Wakati huohuo gesi huzalika ndani ya chombo kilichozibwa. Betri huvuja au hupasuka.

"Mbona mimi nilichaji ya alkali ikakubali?" Inawezekana. Ikiwa imetumika kidogo, na umeme ukiwa mdogo, hupokea kiasi, lakini kila mara hupokea pungufu ya mara iliyotangulia, na hatari ya kuvuja ipo palepale. Zile bapa za lithi, za volti 3, usizijaribu kabisa: zinaweza kushika moto.

Kutoboa na kutia maji ya chumvi? Huloanisha palipokauka, kisha kutu huhamia kwenye redio.

Mwenye kutaka kuchaji anunue zilizoandikwa kwamba zinachajika. Za nikeli zina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini redio na tochi nyingi huzikubali, na huchajiwa mara mamia kwa chaja yake. Zilizokwisha zitoe kwenye redio leo, kabla hazijavuja.