Mnaolicheka Gauni la Mizizi, Hebu Nisikilizeni



Leo nina hasira kidogo, mtanisamehe. Wiki iliyopita walikuja dukani wateja wanne, mmoja biharusi na watatu ndugu zake waliokuja kumsaidia kuchagua. Katika kuzungumza nikawaonyesha kwenye simu picha ya gauni ambalo halikushonwa, limeota. Ni mizizi ya nyasi mwanzo mpaka mwisho, na ukilitazama kwa haraka utadhani ni lesi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mbuzi wakimuona je?" Yule mkubwa wao akamalizia kwa neno lililonikaa moyoni: "Hawa watu wamekosa kazi, sasa wanaingilia kazi ya Mungu."

Siku ile nilikuwa na futi shingoni na pini mdomoni, sikuweza kumjibu. Namjibu leo.

Aliyelifanya ni msanii anayeitwa Diana Scherer, mzaliwa wa Ujerumani anayeishi Amsterdam, Uholanzi. Alisomea upigaji picha. Kabla ya nguo alikuwa akiotesha maua ndani ya vyombo, anayalea muda mrefu, halafu anakivunja chombo na kulipiga picha ua pamoja na udongo wake. Chombo kimekwenda, lakini mizizi imebaki na umbo la chombo kile. Mimi nikiliona jambo kama hilo ningesema "subhanallah" nikaendelea na pilau langu. Yeye alijiuliza: kama mizizi inafuata umbo la chombo, je, nikiiwekea ruwaza itaifuata?

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Anatengeneza paterni, kama tunavyotengeneza sisi mafundi, ila ya kwake ina vijia, na anailaza chini ya udongo. Juu yake anapanda mbegu za jamii ya nyasi, kama ngano. Majani yanakwenda juu kutafuta mwanga, mizizi inateremka kutafuta maji. Inapofika kwenye paterni inakosa pa kupita, inageuka, inafuata vijia, inapishana na wenzake na kushikana. Zikipita wiki chache anaufunua udongo, anakata majani, na kilichobaki mkononi ni kitambaa. Hakuna uzi wala cherehani. Hakufanya peke yake, alishirikiana na wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen. Msanii, mwanasayansi, mkulima na mfumaji, wote wamekutana kwenye trei moja ya udongo.

Sasa dada yangu uliyesema anaingilia kazi ya Mungu. Mie si mwanachuoni, nimeishia sekondari na kozi ya ushonaji, na mambo ya hukumu nawaachia masheikh. Lakini nakuuliza kama fundi kwa mteja. Huyu mwanamke ameumba nini? Hakuumba hata unyuzi mmoja. Mbegu si yake, maji si yake, na akili ya mzizi kujua wapi pana unyevu hakuitia yeye. Alichofanya ni kuweka njia na kungoja. Embe za kubebesha unazonunua sokoni nazo mtu ameingia mkono wake, mbona hapo husemi kitu, unaomba uongezewe moja? Tena Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kupanda mche ulio mkononi hata kama Kiyama kinasimama. Ningependa kujua ni nani kati yetu aliyepanda chochote mwaka huu.

La pili mlilosema, kwamba halivaliki. Hapa nakubaliana nanyi, sitaki kudanganya. Mizizi ikikauka inanywea na inakatika. Gauni lile ni la kutazamwa. Mwaka 2018 kazi yake iliwekwa kwenye maonyesho ya mavazi na maumbile katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, na mahali pake ni pale, si ukumbini kwenye viti vya plastiki na watoto wenye sharubati. Na kwa sitara yetu lingetaka bitana nzito ndani. Nimeliangalia kwa jicho la kazi, nimeona kila tatizo mnaloliona, na mengine matatu.

Lakini tuseme ukweli na la kwetu. Magauni ninayokodisha mimi, yale meupe mnayoyagombania kila msimu wa harusi, mengi ni poliesta. Poliesta inatokana na mafuta ya petroli. Neti ni ya namna hiyo hiyo, na shanga zake nyingi ni plastiki. Gauni linavaliwa saa nne, biharusi anatoka jasho mpaka vipodozi vinashuka, na baada ya harusi kumi linachanika pindo na mimi sijui nilitupe wapi, maana halitaoza nikiwa hai wala wajukuu zangu wakiwa hai. Sasa kati ya mimi na yule wa Amsterdam, nani wa kuchekwa?

Na linaloniuma zaidi ni vikuba. Sisi ndio watu wa kuvaa mimea, jamani! Asumini, mrehani, kilua, hina mkononi, singo mwilini. Bibi yangu hakuhitaji msanii wa kumwambia kwamba jani linaweza kuwa pambo. Siku hizi biharusi ananiletea koja la maua ya plastiki, eti ya kweli yananyauka na yataharibu picha. Yananyauka, naam! Ndiyo maana yanatungwa alasiri ya siku yenyewe, na kuna mama anayekaa kizingitini na sinia la asumini akisubiri mumuagize, na msipomuagiza hakuna anayemuuliza jioni ile amepika nini. Halafu mwanamke wa Ulaya akifanya subira hiyo hiyo kwa mbegu, mnasema amekosa kazi.

Hasira ilinipeleka mbali, nikajaribu mwenyewe. Nilichukua kifuniko cha bati la biskuti, lile lenye maua ya kuchomoza, nikatia udongo kidogo juu yake na mpunga uliolowekwa, nikauficha uani kuku wasiuone. Nilikuwa nikiumwagia maji kila baada ya sala ya Alfajiri. Jana nimeugeuza. Nusu yake ilikuwa imechanika na pembe moja imeota ukungu. Lakini katikati, wallahi, kulikuwa na ua moja kamili la mizizi myeupe, ukubwa wa kiganja, limeshikana kama kazi ya kofia.

Yule biharusi alirudi leo kujaribu gauni lake. Alikuja peke yake safari hii. Akaliona juu ya meza ya kukatia, akaliinua, akalinusa, akakaa nalo muda.

"Dada, hili unaweza kunitengenezea la kutia kwenye shela?"

Harusi yake imebaki wiki tatu. Nimemwambia akaniletee mpunga kilo moja leo leo, na asumini akamuagizie mama wa kizingitini.