Wataalamu wa Takwimu Wapimwe kwa Mizani Iliyo Haki

Baadhi ya hospitali zetu hushiriki katika utafiti wa dawa na tiba. Mzazi huombwa kutia sahihi au kidole gumba ili mtoto wake aingizwe. Daktari tunamwona, muuguzi tunamwona, hata anayepima damu tunamwona. Lakini wapo wengine tusiowaona wodini, nao ni wataalamu wa takwimu. Hao ndio wanaokadiria idadi ya wagonjwa wanaohitajika, wanaopanga kura ya nani apate tiba ipi, na wanaochambua matokeo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Swali letu ni hili: kazi ya watu hao ipimwe namna gani? Mara nyingi wakubwa wa vyuo na taasisi huhesabu makala zilizochapishwa na fedha zilizopatikana. Kwa maoni yetu kipimo hicho hakitoshi. Tuangalie mfano uliotokea hapa kwetu Afrika Mashariki.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti ulioitwa FEAST katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Muheza nchini Tanzania. Ulihusu watoto wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini, kwa mfano mikono na miguu kuwa baridi. Katika nchi tajiri ilikuwa desturi kuwapa watoto wa namna hiyo maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, na wengi waliamini kwamba yanaokoa maisha.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maji ya chumvi kwa haraka. La pili lilipewa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La tatu halikupewa maji ya haraka. Matunzo mengine yote yalikuwa sawa kwa kila mtoto.

Baada ya saa 48, katika kundi lisilopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki watoto 7.3 katika kila 100. Katika makundi mawili yaliyopewa, walifariki 10.5 na 10.6 katika kila 100. Tiba iliyotumainiwa ilikuwa inaua.

Je, daktari wodini angeweza kuliona jambo hili kwa macho? Hapana. Katika makundi yote watoto wengi walipona. Tena baadhi ya waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu mapema, mikono ikapata joto, kisha wakazidiwa baadaye. Tofauti ya watoto watatu katika mia haionekani kitandani. Huonekana katika hesabu iliyopangwa vizuri. Na kama utafiti ungechukua watoto 200 tu, tofauti hiyo ingeweza kudhaniwa ni bahati.

Ilikusudiwa kufikia watoto 3,600. Lakini kamati huru iliyokuwa ikizitazama hesabu wakati kazi ikiendelea ilishauri mwezi Januari 2011 kwamba watoto wengine wasiingizwe. Ushauri ukafuatwa, na mwezi Mei mwaka huo matokeo yakachapishwa ulimwengu mzima uyajue.

Hapa tutoe tahadhari. Utafiti huo haukuhusu watoto wanaoharisha. Mtoto anayeharisha anahitaji maji. Wazazi waendelee kumpa maji ya ORS na kumpeleka mapema kwenye kituo cha afya.

Sasa turudi kwenye mizani. Twakubali kwamba anayetoa fedha ana haki ya kujua zimefanya nini, na makala ni rahisi kuhesabika. Lakini mtaalamu anayemwambia daktari, "Utafiti huu una wagonjwa wachache mno, hautajibu swali lako, usiuanze," hapati makala hata moja. Hata hivyo amewaepusha wagonjwa kuchomwa sindano na kuchukuliwa damu bila faida. Je, huyo hakufanya kazi?

Basi twapendekeza wanaowapima wataalamu hawa waulize mambo matatu. Kwanza, je, waliitwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa, au waliletewa makaratasi baada ya kila kitu kwisha? Hesabu haiwezi kuponya utafiti uliopangwa vibaya tangu mwanzo. Pili, je, wana uhuru wa kusema hapana, hata mbele ya profesa mkubwa au kampuni yenye fedha? Mtaalamu anayeogopa kufukuzwa atatoa hesabu inayompendeza bwana wake. Tatu, je, mpango wa uchambuzi uliandikwa mapema na kufuatwa, au walitafuta-tafuta katika takwimu mpaka wakapata la kufurahisha?

Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa kuhesabu makala. Inabidi kukaa na madaktari na wataalamu wenyewe na kupitia kazi moja baada ya nyingine. Inachukua muda, lakini kinachopimwa ni usalama wa watu.

Sisi wazazi nasi tuna sehemu yetu. Kuuliza si ujinga. Siku utakapoombwa kutia sahihi, uliza bila woga: Ni nani anayezitazama hesabu za utafiti huu wakati ukiendelea, na je, ana uwezo wa kuusimamisha? Watafiti waaminifu watakujibu kwa maneno unayoyaelewa. Wasipoweza kukujibu, una haki ya kurudisha karatasi bila kuitia sahihi, na mtoto wako anastahili kutibiwa kama wengine.