NYUMBA NJEMA SI MLANGO



Wako watu ambao kila itokeapo zilzala, wakafa viumbe kwa maelfu, husema, "Ni kudra," kisha wakanyamaza. Nasi twaiamini kudra. Kutikisika kwa ardhi ni amri ya Mola, wala hapana awezaye kuizuia. Lakini nondo zilizopunguzwa ndani ya nguzo hazikupunguzwa na kudra. Zimepunguzwa na mkono wa mtu.

Utazameni mwaka wa 2010. Tarehe 12 Januari ardhi ilitikisika Haiti kwa kipimo cha 7.0. Nyumba za zege ziliporomoka sakafu juu ya sakafu. Ikulu na wizara zikaanguka. Na hesabu ya maiti iliyotolewa na Serikali ya huko ilipita laki tatu. Tarehe 27 Februari mwaka huo huo ikatikisika Chile kwa kipimo cha 8.8, nguvu iliyoizidi ile ya Haiti kiasi cha mara mia tano. Waliokufa walikuwa kama 525, na baadhi ya hao walichukuliwa na mawimbi ya bahari.

Je, Mola aliwapendelea watu wa Chile? Hasha! Tafauti kubwa ilikuwa sheria na kusimamiwa kwake. Chile, kwa kufunzwa na misiba yake, humshika muuzaji wa kwanza wa jengo kwa dhamana ya miaka 10 ikidhihiri kasoro katika mhimili wake. Jengo jipya la ghorofa 15 lilipoanguka mjini Concepción na kuua watu 8, waliohusika na ujenzi wake walishitakiwa.

Wala elimu hii si ya wahandisi peke yao. Zege huhimili kulemewa, halihimili kuvutwa. Kazi hiyo ni ya nondo. Nguzo itikiswapo, nondo zake hutaka kufumuka nje kama ufito uliopindwa. Kizizuiacho ni pete za chuma zizungukazo. Nazo yapasa zikaribiane, khasa karibu na maungio ya nguzo na boriti, na ncha zake zipindwe kuelekea ndani. Nguzo iishinde boriti kwa nguvu, kwani boriti ikivunjika huharibu chumba, nguzo ikivunjika huangusha nyumba. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi ilayo chuma. Na sisi wenye maduka tuseme kweli juu ya nafsi zetu: tubomoapo kuta za chini ili tupate milango mipana, twaiacha ghorofa imesimama juu ya miguu mitupu.

Khiyana ya zege ni mbaya kuliko khiyana ya mizani. Sukari iliyopunjwa mnunuzi aweza kuipima tena kwake. Pete iliyopunguzwa hufunikwa na zege, zege likapakwa chokaa, na hapana aionaye mpaka siku ya msiba. Kwa hivyo sheria isiyo na mkaguzi ni karatasi tu. Mkaguzi afike kabla zege halijamiminwa, wala asiwe mtu wa kununuliwa.

Asidhani mtu kuwa haya ni ya mbali. Tarehe 12 Agosti 2020 zilzala ilitokea baharini nje ya pwani ya Tanzania, ikahisiwa Dar es Salaam. Ilipita kwa salama. Huo ni muhula, si ahadi.

Serikali yo yote ipimwe kwa wakaguzi wake, si kwa urefu wa majumba inayoyafungua. Na wewe ndugu ujengaye, hesabu pete zako ungali waziona. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.